Shajara ya mradi: kuchanganyika kwa vinasaba vya kulungu wa porini

Wiki ya 1

Mradi huu una kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika mwongozo wa Kiswahili kuhusu namna makundi ya kulungu wa porini yanavyochanganyika kivinasaba, na ya pili ni kutengeneza modeli ndogo ya kompyuta itakayomwezesha msomaji kujionea jinsi mchanganyiko huo unavyosambaa kizazi baada ya kizazi. Nimeanza na istilahi, kwa sababu istilahi ikiyumba kila kitakachofuata kitayumba nayo. Neno "kulungu" kwa wasomaji wengi linamtaja mnyama wa jamii ya swala, mwenye pembe za kudumu, ilhali wanyama ninaowashughulikia ni wa familia ya Cervidae, ambao madume yao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. "Ayala", neno wanalolifahamu wasomaji wa Zaburi, lingefaa zaidi, lakini ni wachache wanaolitumia nje ya maandiko. Nimebaki na kulungu, na ukurasa wa kwanza utaeleza mara moja ni kulungu yupi ninayemkusudia.

Neno la pili limenisumbua zaidi. "Chotara" ndilo neno letu la mnyama aliyezaliwa na wazazi wa aina mbili, nalo ni fupi na linaeleweka. Hata hivyo limetumika pia kuwataja watu, mara nyingi kwa dharau, na habari za uhifadhi zinapoanza kusema "damu safi" na "damu chafu" huwa zinaazima lugha ambayo imewaumiza binadamu. Nitaandika chotara nikimaanisha mnyama tu, na sitaandika "damu" hata mahali pamoja. Chotara hana kosa lolote. Kama kuna kosa, ni la aliyewahamisha wazazi wake.

Wiki ya 2

Nimechagua mfano mkuu: kulungu mwekundu (Cervus elaphus) na sika (Cervus nippon) huko Uskoti. Kulungu mwekundu ni mwenyeji. Sika ana asili ya Asia ya Mashariki, na aliletwa kama pambo la mashamba ya mabwanyenye. Mwaka 1860 mwenye shamba la Powerscourt, Ayalandi, aliingiza dume mmoja na majike watatu, na uzao wao ulisambazwa kwenda sehemu nyingi za visiwa vile. Mwaka 1893 sika walifikishwa Carradale, kwenye rasi ya Kintyre iliyoko magharibi mwa Uskoti, na kutoka hapo wakaanza kuenea. Misitu ya misonobari iliyopandwa kwa ajili ya mbao katika karne ya 20 iliwapa kile wanachokipenda kuliko vyote, yaani kichaka kizito cha kujifichia.

Ukiwaweka wawili hawa bega kwa bega huwezi kuwachanganya. Dume la kulungu mwekundu lina uzito unaoweza kufikia mara mbili ya dume la sika, na wakati wa kupandana linanguruma kwa sauti nzito inayosikika bonde zima. Sika ni mdogo, ana madoadoa meupe wakati wa kiangazi, na anaposhtuka manyoya meupe ya matakoni hutanuka kama ua linalochanua. Dume lake halingurumi bali hupiga mluzi mkali unaopanda na kushuka. Tofauti ya maumbile, sauti na ukubwa inatosha kuwafanya wasipandane mara kwa mara. Lakini nadra si kamwe. Madume vijana ya sika hutangulia kuhama, yakafika mahali ambapo majike ya jamii yao hayajafika, na huko yanakutana na majike ya kulungu mwekundu tu. Chotara anayezaliwa ana uwezo wa kuzaa, na anaweza kupandana na upande wowote kwa urahisi kuliko wazazi wake walivyoweza kupandana wao kwa wao. Hapo ndipo mlango unapofunguka: tukio la kwanza ni adimu, lakini yanayofuata si adimu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima kulungu 735 wa Kintyre na maeneo jirani. Kwa jumla asilimia 6.9 walikuwa chotara, lakini katika eneo moja, magharibi mwa Loch Awe, chotara walifika asilimia 43. Nimeuweka mfano huu mbele kwa sababu unaonyesha udhaifu wa kusema "asilimia fulani ya kulungu wa nchi ni chotara". Wastani wa nchi nzima unaweza kuficha bonde ambalo karibu nusu ya wanyama wake wamechanganyika.

Wiki ya 3

Modeli imeanza kufanya kazi, na imeanza kwa kosa langu. Nilikuwa nimeandika programu ili kila ndama arithi vinasaba vya mitokondria (vile vichache vilivyo nje ya kiini cha seli) kutoka kwa mzazi yeyote kwa bahati nasibu, kama anavyorithi vinasaba vingine. Kwa siku mbili nilishangilia matokeo mazuri: chotara wengi walionekana kubeba mitokondria ya sika, na nikaanza kuandika aya ya kusifu uwezo wa mitokondria kufichua mchanganyiko. Mitokondria hurithiwa kwa mama. Nilijua hivyo tangu shuleni, na bado niliandika kinyume chake.

Nilipolirekebisha hilo, picha iligeuka kabisa. Ikiwa mchanganyiko umeanza kwa dume la sika na jike la kulungu mwekundu, na majike wa ukoo huo wakaendelea kupandana na kulungu wekundu, basi uzao wote wa upande wa kike unabeba mitokondria ya kulungu mwekundu milele, hata kama kwingineko katika jenomu, yaani jumla ya vinasaba vyao vyote, wamebeba vipande vya sika. Kipimo cha mitokondria peke yake kitawapitisha wote bila swali. Aya ile ya sifa nimeifuta, na mahali pake nimeweka onyo.

Wiki ya 4

Wiki hii ilikwenda kwenye kusahihisha msimbo na kuchora michoro. Hakuna la kuandika zaidi ya kwamba rangi nyekundu na ya kijani hazifai pamoja, kwa sababu wasomaji wenye upofu wa rangi hawatazitofautisha; sasa natumia bluu na chungwa.

Wiki ya 5

Hii ndiyo wiki iliyobadilisha mradi, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Tafiti nyingi za kulungu wa Uskoti zilitumia viashiria 22 vya mikrosatelaiti, yaani sehemu 22 za jenomu ambamo kulungu mwekundu na sika wana maumbo tofauti ya vinasaba. Nilitaka kujua viashiria 22 vinaona umbali gani. Hesabu yake haihitaji hata kompyuta. Chotara wa kwanza ana nusu ya vinasaba vya sika. Akizaa na kulungu mwekundu, mtoto ana robo kwa wastani, yaani asilimia 25. Huyo nitamwita aliyerudi mara moja. Aliyerudi mara mbili ana asilimia 12.5, mara tatu 6.25, mara nne 3.125, na mara tano kidogo zaidi ya 1.5. Katika kiashiria chochote kimoja, uwezekano wa kukuta alama ya sika kwenye mojawapo ya nakala zake mbili, kwa aliyerudi mara moja, ni nusu, mara mbili ni robo, mara tatu ni moja ya nane, na kuendelea hivyo.

Sasa tuulize: ni uwezekano gani kwamba viashiria vyote 22 vitanyamaza? Kwa aliyerudi mara mbili ni chini ya 2 katika kila 1,000, kwa hiyo karibu kila mmoja atakamatwa. Kwa aliyerudi mara tatu ni takriban asilimia 5. Kwa aliyerudi mara nne unaruka hadi asilimia 24. Kwa aliyerudi mara tano ni karibu asilimia 50, kama kurusha sarafu. Mnyama huyo ana babu wa sika katika ukoo wake, na kipimo hakina njia ya kutuambia.

Hata hivyo tatizo halianzii hapo. Kwa kawaida watafiti hawasemi kwamba alama moja ya kigeni inamfanya mnyama awe chotara, kwa sababu alama moja inaweza kuwa kosa la maabara au mabaki ya undugu wa kale wa jamii zote mbili. Huweka mpaka, na mpaka uliotumika sana ni asilimia 5: mnyama mwenye kati ya asilimia 5 na 95 za vinasaba vya sika huhesabiwa kuwa chotara, na aliye nje ya hapo huwekwa kwenye kundi la wasiochanganyika. Viashiria 22 vina nakala 44, kwa kuwa kila mnyama amepokea nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Nakala moja ya sika ni asilimia 2.3, na mbili ni 4.5. Kwa hesabu rahisi ya kuhesabu nakala, mnyama mwenye alama mbili za wazi za sika bado anapita chini ya mpaka. Programu za kitakwimu zinazotumika katika tafiti zenyewe ni za kina kuliko hesabu yangu ya vidole, lakini mwelekeo ni ule ule.

Nilichukua mnyama mmoja wa modeli, nambari 417, nikamfuatilia. Nyanya wa bibi yake alikuwa chotara wa kwanza, kwa hiyo yeye amerudi mara nne kwa kulungu wekundu. Kiashiria cha 1 hadi cha 8: kulungu mwekundu, nakala zote mbili. Cha 9: nakala moja ya sika. Cha 10 hadi cha 22: kulungu mwekundu. Mitokondria: kulungu mwekundu. Modeli ikamwandika "safi". Lakini mimi ninayemiliki modeli ninaweza kufungua jenomu yake yote, na ndani yake nikakuta vipande virefu vya kromosomu za sika, vikiwa vimekaa katikati ya viashiria bila kuguswa na hata kimoja.

Nikahesabu tena kwa mpaka wa asilimia 5. Katika wale waliorudi mara tatu, karibu 47 kati ya kila 100 wangeandikwa safi. Katika waliorudi mara nne, ni 84 kati ya kila 100. Nimelirudia jambo hili mara tatu kwa karatasi na kalamu kwa sababu sikuamini. Tukichukua, kwa mfano, miaka mitano kwa kizazi, mchanganyiko uliotokea miaka 25 tu iliyopita umeshapata nafasi ya kurudi mara nne. Sika wamekuwapo Kintyre tangu 1893.

Wiki ya 6

Hesabu ya wiki iliyopita imepata ushahidi wa nje. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchambuzi wa kulungu wa Uskoti kwa viashiria 44,999 vya herufi moja moja za jenomu, badala ya 22. Huko Kintyre asilimia 26 ya kulungu waliokuwa wameandikwa katika makundi ya wasiochanganyika wakahamishiwa kundi la chotara. Kaskazini-magharibi mwa Nyanda za Juu za Uskoti waliohamishwa walikuwa asilimia 2 tu. Na waliohamishwa, kama modeli ilivyonifundisha kutarajia, wengi walikuwa wale waliorudi mara nyingi upande mmoja.

Kuna jambo la ndani zaidi katika kazi ile ambalo mwongozo lazima ulieleze, nalo linaikosoa hesabu yangu. Mtu angedhani kwamba kiashiria bora ni kile kinachotofautisha jamii mbili bila kukosea hata mara moja, kila kulungu mwekundu akiwa na umbo moja na kila sika akiwa na lingine. Ikadhihirika kuwa viashiria vya namna hiyo vimesongamana kwenye kromosomu X, na kromosomu nyingine zikabaki bila ulinzi wa kutosha. Viashiria visivyo kamili, ambavyo tofauti yake ni kubwa bila kuwa ya moja kwa moja, vilifanya kazi vizuri zaidi kwa kuwa vimetawanyika jenomu nzima. Kulungu mwekundu ana jozi 34 za kromosomu. Kukazia macho jozi moja ni kama kulinda boma kwa kusimama kwenye lango moja.

Hesabu yangu ilichukulia kwamba kila kiashiria kinajitegemea. Vikikaa karibu karibu hurithiwa pamoja, na 22 vinaweza kufanya kazi ya 10. Kwa viashiria 10, aliyerudi mara tano anaponyoka kwa asilimia 73 badala ya 50. Nimeongeza kitufe katika modeli ili msomaji asogeze viashiria mwenyewe na aone namba inavyopanda.

Wiki ya 7

Dada anayehariri mwongozo ameniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: "Sasa hao chotara wana hasara gani? Kama anaishi, anakula, anazaa, kwa nini mtu ajali?" Ni swali la haki.

Jibu langu limegawanyika. Upo ushahidi wa mabadiliko ya mwili: katika Kintyre majike yanayofanana na kulungu mwekundu huwa mepesi zaidi kadiri yanavyobeba vinasaba vingi vya sika, na yale yanayofanana na sika huwa mazito kadiri yanavyobeba vya kulungu mwekundu. Kwa hiyo mnyama mwenyeji anabadilika umbo polepole, bila mtu yeyote kuona siku aliyobadilika, kwani hata wawindaji wenye uzoefu hawawatambui chotara kwa macho ipasavyo. Mfano mwingine unatoka Amerika Kaskazini, kwa kulungu-nyumbu (Odocoileus hemionus) na kulungu mkia-mweupe (Odocoileus virginianus). Kulungu-nyumbu anapomkimbia mwindaji huruka kwa miguu yote minne pamoja, akadunda juu ya mawe na vichaka. Mkia-mweupe hukata mbio za kawaida, mwili ukinyooka. Chotara wao hafanyi hili wala lile vizuri. Mwendo wake umechanganyika kama wazazi wake, na mbele ya mnyama mla nyama hapo ndipo maisha yanapoamuliwa.

Lakini si kila mchanganyiko una hasara inayoonekana, na sitaki mwongozo uhofishe watu bila sababu. Kinachopotea mara nyingi si afya ya mnyama mmoja bali tofauti yenyewe, iliyochukua vizazi vingi mno kujengeka na isiyoweza kuchujwa tena ikishayeyuka.

Wiki ya 8

Nimeongeza sura ya upande wa pili, kwa kuwa bila hiyo msomaji angeondoka akiamini kwamba kutenganisha ni kuzuri siku zote. Katika msitu wa Mesola, kwenye delta ya mto Po nchini Italia, wanaishi kulungu wekundu wa mwisho wenye asili ya rasi ya Italia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walikadiriwa kubaki kumi hivi. Kundi lilipona kwa idadi, lakini waliozaliwa wote ni ndugu, na utofauti wa vinasaba vyao ni mdogo sana. Hapa adui ni kuzaana ndugu kwa ndugu. Ungeingiza madume wachache kutoka kwingine ungeongeza utofauti mara moja, na papo hapo ungeanza kumfuta mnyama uliyekuja kumwokoa. Kisiwa cha Corsica kilipoteza kulungu wake wote mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1985 waliletwa wengine kutoka Sardinia, ambao ni wa jamii ndogo ile ile, na kuachiliwa kukaanza mwaka 1998. Huo ni uhamishaji ambao sioni cha kuulaumu.

Nimeandika kanuni ya kufanyia kazi, nikiitazama kesi kwa kesi: je, binadamu alikutanisha waliotengana kwa asili, au alitenganisha waliokuwa wameungana? Kintyre ni kesi ya kwanza, na kazi ni kuzuia. Makundi yaliyokatwa na uzio, mashamba na barabara ni kesi ya pili, na kazi ni kufungua njia. Mesola inabaki katikati na kunikosesha usingizi. Fiordland ya New Zealand haimo popote: wapiti, kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, walioachiliwa huko mwaka 1905, zawadi ya Rais Theodore Roosevelt, wamechanganyika na kulungu wekundu, lakini wote wawili ni wageni katika nchi isiyokuwa na kulungu hata mmoja, na mwenye kuumia ni mimea.

Wiki ya 9

Sura ya hatua za uhifadhi imekamilika, nayo ni fupi kuliko nilivyopanga. Pale ambapo mchanganyiko umefika karibu nusu ya kundi, sijaona njia ya kuwatoa chotara bila kuwaua wengi kwa kubahatisha, hasa baada ya kujua ni wangapi wanaoponyoka hata maabara. Nguvu zenye tija zinaelekezwa kwenye ukingo wa mbele, kwa kuwinda madume ya sika yanayotangulia kabla majike hayajafuata, na kwenye maeneo ambayo hayajaguswa. Uskoti ilifanya uamuzi wa busara mwaka 1999, ilipopiga marufuku kisheria kuachilia sika na chotara wake katika visiwa vya Arran, Islay, Jura, Rum na vile vya Hebrides ya Nje. Bahari inafanya kazi ambayo uzio hauwezi.

Hata huko lazima niseme kweli yote. Kulungu asilia wa Rum walikwisha, na waliopo leo ni uzao wa waliorudishwa na watu katika karne ya 19. Wa Hebrides ya Nje nao walipelekwa kwa mashua na watu wa kale. Visiwa hivi vya Rum na Hebrides ya Nje havikumhifadhi kulungu ambaye mkono wa binadamu haujamgusa. Wanafaa kulindwa kwa sababu sika hajawafikia, na sababu hiyo inatosha bila kuongezewa hadithi ya asili isiyoguswa.

Wiki ya 10

Jana usiku nilipitia jedwali la mwisho la mwongozo. Safu ya nne ilikuwa na neno "safi" katika mistari 11. Nimelitoa lote. Sasa kila mstari unasema kilichopimwa: "hakuna alama ya sika kwa viashiria 22", "hakuna alama ya sika kwa mitokondria pekee", "hajapimwa". Safu imekuwa pana mno na jedwali halitoshei ukurasa wima, kwa hiyo nimelilaza. Kulungu 417 nimemwacha ndani ya modeli, na maelezo yake yanamtaka msomaji ampime kwa viashiria 22 kwanza, kisha afungue jenomu nzima.

Kilichobaki ni mhariri kurudisha sura ya 7, na mimi kujaribu modeli kwenye simu ndogo, ambako michoro bado inakatika upande wa kulia.